Ripoti ya Novemba

Kwa miezi kumi Mishi alikuwa akibandika ripoti ya upimaji wa maji kwenye ubao wa kioski cha kuuzia maji, na kwa miezi kumi hakuna aliyeisoma ila yeye mwenyewe. Hakujali. Yeye ndiye karani wa kisima cha kikundi chao pale Kahawa Wendani, na alitaka kitu kimoja: mwaka mzima wa ripoti safi, ili nyumba themanini za mtaa wa jirani, Kahawa Sukari, ziunganishwe na bomba lao. Bwana Jignesh, mwenyekiti wa wenye nyumba hizo, alisema angekuja Desemba kukagua faili. Dada zake Mishi wa Githurai, waliomcheka kwa kuacha duka la nguo akachunge mifereji, wangekoma.

Basi ripoti ya Novemba ikaja kutoka maabara ya Thika. Vijidudu vya kinyesi vimepatikana. Imefeli.

Mishi aliisoma mara tatu. Alifunga mifereji yote, akawaambia wateja wachemshe maji waliyokwisha kuchota, kisha akamwendea Kinuthia, mlinzi wa kisima, mzee asiyeweza kuvumilia tope hata kwenye mtungi wa mteja.

"Baba Wamboi, siku ile nilikuachia chupa ya sampuli. Uliifanya nini?"

"Mimi? Sikufanya kitu." Kinuthia alijikuna kidevu. "Niliiosha tu."

"Uliiosha?"

"Ngai, Mishi! Chupa inaenda kwa madaktari, niipeleke hivyo hivyo? Watasema sisi ni watu wa aina gani? Niliisugua ndani na kitambaa changu mpaka ikang'aa."

Chupa hizo huja zimeshasafishwa na kuzibwa. Ukigusa ndani umeiharibu sampuli. Mishi alishamweleza hayo, tena akimsomea karatasi ya Kiingereza, naye mzee akaitikia kwa adabu zote. Alitaka kumkaripia. Lakini alipokumbuka kitambaa chenyewe, kinachofuta pampu na jasho la shingo, kicheko kikamponyoka, na Kinuthia naye akaambukizwa. Walicheka mpaka machozi.

Walichota sampuli nyingine pamoja, mzee akiwa ameweka mikono nyuma kama aliyefungwa pingu. Siku mbili baadaye majibu yakaja: maji ni safi.

"Sasa bandika hii," Kinuthia akasema. "Ile ingine tutie kwa jiko. Nani atajua?"

Kusema kweli, Mishi alitamani. Aliishika ile karatasi mbaya juu ya jiko la chai, akaliona bomba lake likienda na maji. Kisha akamfikiria Maxine, jirani yake mwenye mtoto mchanga, aliyechemsha maji bila kubisha kwa sababu tu Mishi alimwambia. Akazibandika zote mbili, akaandika chini kwa kalamu nyekundu: Chupa ilioshwa ndani kwa kitambaa. Tulifunga siku mbili. Tumepima upya.

Asubuhi hiyo ubao ulisomwa na kila mtu, foleni ikakwama. Na katikati ya foleni, kabla ya ile Desemba aliyoahidi, alisimama Bwana Jignesh, miwani puani, akisoma pole pole.

"Madam, tuliongea mwaka safi," akasema.

"Ndiyo. Haukuwa safi."

"Na nani aliosha chupa?"

Kinuthia akainua mkono kama mtoto wa shule. Jignesh akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Mama yangu pia angeiosha!" Halafu akatulia. "Wauza maji wengine wameniletea faili ya miaka mitano. Hakuna hata siku moja mbaya. Nimekosa usingizi, nikijiuliza maji yao yakiharibika nani ataniambia. Wewe umeniambia kabla sijauliza."

Akachukua kikombe, akafungua mfereji mwenyewe, akanywa chote mbele ya foleni nzima. Akafuta masharubu, akajaza cha pili.

"Anzeni kuchimba mtaro wa bomba Jumatatu," akasema. "Mwanzie kwangu."

Vigelegele vikamtoka Mishi kabla hajakumbuka kwamba yeye ni karani.