Dizeli ya Mgeni

Dawa ilikuwa imeshaingia mshipani mwa Lidwina umeme ulipokatika. Pankrasi, mpiga picha za mifupa wa hospitali, aliitazama mashine mpya ya wafadhili ikizima taa zake, akasonya.

"Kaa kwenye benchi, mama. Na leo usimpakate mjukuu, dawa hii ina mionzi. Inaingia kwenye mifupa, mashine inaiona ilipojikusanya."

"Inakaa mpaka lini?"

"Jioni. Baada ya hapo inafifia."

Lidwina alikaa, goti limevimba kama boga. Daktari alimwambia waziwazi: ugonjwa ukiwa umeishia gotini, atamkata mguu na atapona. Ukiwa umetambaa, hakati. Bila picha, hakati pia. Alikuwa ametoka Matogoro akimwomba Mungu akatwe mguu.

"Si mna jenereta?"

Pankrasi alichungulia dirishani. Nje wafanyakazi walikuwa wakipaka chokaa mawe ya njiani. Karibu na jenereta lilisimama pipa la dizeli, limejaa.

Mchana katibu wa hospitali alipita akikagua mapazia. Lidwina alijikongoja, akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," aliitikia katibu, ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wake.

"Naomba waniwashie jenereta. Dawa inaniishia mwilini."

"Dizeli ile ni ya kesho, mama. Mgeni rasmi anakuja kuzindua mashine. Tukiimaliza leo, kesho tuwashe na kuni?"

"Basi kesho nichomwe tena."

"Dawa nyingine inakuja na ndege ya mwezi ujao, Mungu akipenda. Ila kesho usikose. Tunahitaji mgonjwa wa kulala pale."

Hasira ilimpanda Lidwina. Akaimeza. Daktari mwingine angempata wapi? Jioni ilipoingia, umeme ulikuwa bado haujarudi.

Kesho yake jenereta lilinguruma tangu asubuhi. Lidwina alilazwa, akafungwa mikanda kifuani na miguuni. Mgeni rasmi akakata utepe, akainama kwenye kioo cha mashine.

"Mbona sioni kitu?"

Pankrasi aliangalia viatu vyake.

"Maana yake mifupa ni safi, mheshimiwa," alisema katibu.

"Kumbe mama ni mzima!"

Makofi yakalipuka. Lidwina alifungua mdomo.

"Usitikisike, mama," Pankrasi alinong'ona. "Waandishi wanapiga picha."

Mikanda ilikuwa imembana. Goti lilikuwa likimpwita chini ya shuka jipya, na wao walikuwa bado wanapiga makofi.