Kibanda Kilichopata Dira

Alfajiri moja ya kiangazi, Amoit alifika Malaba na sufuria ya uji kichwani, akakuta kibanda chake hakipo. Mashimo manne ya nguzo yalikuwa palepale, kando ya ua wa yadi ya malori, na kitambaa cha kupangusia meza kilikuwa kimeanguka kwenye njia ya kwenda Amagoro. Akaitua sufuria, akamgeukia Oduori, dereva aliyekuwa akipiga mswaki langoni huku akingoja zamu ya lori lake kutoka.

"Kimepita hapa?"

"Kimepita, Mama Mourine. Kilikuwa na haraka, hata salamu hakikujibu."

Kibanda kilikuwa na mazoea hayo. Siku moja kilipatikana sokoni Chakol katikati ya wauza viazi. Siku nyingine kilishuka hadi ziwani, Sio Port, kikarudi kikinuka omena. Kiliwahi hata kuvuka mpaka wa Uganda, ikambidi Amoit aonyeshe kitambulisho ili arudi nacho. Watu walimsaidia kukisukuma jinsi wanavyomsaidia mwenye ng'ombe aliyekata kamba. Kuzurura kwenyewe hakukumuuma. Kilichomuuma ni kwamba wateja walikuwa wamezoea kutomkuta, nao wakaanza kunywa chai kwingine, na bintiye Mourine, aliyesoma kwa sufuria ile, alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Jioni hiyo, katika darasa la ngumbaru, Mwalimu Phoebe alifundisha juu ya biashara ndogo ndogo. Aliandika ubaoni: dira, dhamira, maadili.

"Dira ni kile chombo kinachomwonyesha msafiri upande anaokwenda," akasema. "Asiye nayo, kila upepo ni njia yake."

Amoit akainua mkono. "Mwalimu, changu kina dira. Fundi aliiandika mlangoni."

"Aliandikaje?"

"'Tunahudumia watu wote, mahali pote.'"

Mwalimu Phoebe akaweka chaki mezani. "Basi kibanda chako hakina kosa, mama. Kinatii."

Jumapili nzima Amoit aliandika na kufuta. Kalamu ilikuwa bado ngeni vidoleni mwake, lakini alichokitaka hakikuwa kigeni. Jioni alichukua rangi, akaandika mlangoni kwa mkono wake mwenyewe, herufi zikipanda na kushuka kama njia ya mlimani: kila dereva anayengoja Malaba aanze safari akiwa ameshiba, uji wa wimbi, wa moto, hapa, kila alfajiri, kikombe kijae, na aliyetangulia kufika atangulie kunywa.

Kibanda kilitulia. Nguzo zake zikazama ardhini kiasi cha kiganja, wala hakikuondoka tena.

Maneno mengine nayo yalishika kazi yake. Aliyeruka foleni alijikuta mkiani, kikombe mkononi, bila kuguswa na mtu. Wanaume wakazoea. Yupo utingo mmoja aliyerudishwa nyuma mara nyingi, hata wenzake wakamwonea huruma, mmoja akampigia kelele:

"Wewe, ukiendelea hivyo utafika Bungoma!"

Wateja walirudi. Mourine akarudi shule, na Amoit akanunua sufuria ya pili.

Peterson, msimamizi wa yadi, ndiye aliyekataa kuzoea. Langoni kwake palitundikwa bamba la shaba lililong'arishwa kila asubuhi, limechongwa maneno: Usawa kwa Wote. Hata hivyo, malori yalitoka kwa kufuata nani amemlainisha nani. Oduori hakuwa amemlainisha mtu. Alikuwa amepakia mayai. Siku hizi alinunua chakula cha vifaranga.

"Mama, mimi na wageni wangu hatupangi foleni," Peterson alisema, akawapita waliotangulia, akanyoosha kikombe. Maneno yaliyofuata aliyatamkia mkiani. Akarudi mbele kwa miguu, vumbi kwenye viatu. "Futa hayo maandishi, la sivyo nitakiondoa kibanda."

Amoit aliutazama mlango wake. Alijua kwamba akiyafuta, kibanda kingeondoka chenyewe, na Mourine angerudi nyumbani.

"Siyafuti, boss."

Likaletwa lori la kuvuta magari mabovu. Mnyororo ukafungwa kwenye nguzo, injini ikanguruma, magurudumu yakachimba hadi ekseli ikagusa udongo. Hakuna aliyeondoka kwenye foleni, kwa kuwa kila mmoja aliijua nafasi yake. Ndani ya kibanda uji haukutikisika. Amoit aliendelea kukoroga, mgongo umenyooka, kama mwanamke anayesubiri mvua ipite huku akijua paa lake halivuji. Mwishowe bampa la lori lile liling'oka, likabaki likining'inia kwenye mnyororo.

Peterson aliufungua mnyororo mwenyewe. Kisha, bila kurudishwa na chochote, akaenda mkiani akasimama. Zamu yake ilipofika, Amoit alimjazia hadi ukingoni.

"Umejaza," Peterson alisema.

"Ndivyo nilivyoandika."

Alikunywa akaumaliza, akashukuru, akarudi kazini. Bamba la shaba lilikuwa limeshang'arishwa. Lango likafunguliwa, likatoka lori lililowasili alfajiri hiyohiyo.

Nyuma kabisa ya yadi, ndani ya lori la Oduori, jogoo akawika. Oduori alisuuza kikombe chake, akaenda mkiani kungoja cha pili.