Ngiri ya Mama Mkwe

Wageni kutoka ng'ambo walikuja kujitolea hospitalini kwa wiki tatu, na mmoja wao alipata jina siku ya pili tu. Walimwita Daktari Mapema, kwa kuwa kila asubuhi wafagizi walimkuta mlangoni, koti limenyooka, tabasamu hadi masikioni. Muuguzi wa chumba cha upasuaji alimpenda kama mdogo wake. Kijana hakujivuna; dripu zikiisha wodini, alikimbia stoo mwenyewe.

Wiki ya tatu, mama mkwe wa muuguzi aliletwa akijikunja kwa maumivu. Ngiri ilikuwa imenasa kinenani; haikurudi ndani, wala haikuwa ya kusubiri. Daktari wa upasuaji wa pale, naye ni mmoja tu, alikuwa safarini. Mkuu wa wageni alikuwa chumba cha pili, amebanwa na mzazi anayevuja damu.

"Nitafanya mimi," alisema Daktari Mapema kwa lugha yake ya kuunga-unga, huku akinawa.

Muuguzi akachukua glavu amvishe. Ghafla ulimi ukamtangulia. "Kwenu ungeruhusiwa kuifanya peke yako?"

Kijana hakuwa mwongo. "Hapana. Bado niko chuoni. Imebaki miaka miwili."

Muuguzi aliziweka glavu chini. Kwani hakujua? Neno mwanafunzi aliwahi kulisikia likipita, akaliacha lipite.

"Ngoja kwanza," alisema, akatoka mbio hadi chumba cha vidonda. Huko tabibu wao wa siku zote, waliyemzoea kwa jina la Fundi, alikuwa akishona mguu uliokatwa na bati. Digrii hakuwa nayo, lakini ngiri alikuwa amezipasua kwa miaka kumi na saba.

"Leo ndiyo mmenikumbuka?" aliuliza. "Si niliambiwa niwapishe wageni?"

"Kaka, njoo tu. Ni mama mkwe wangu."

Fundi akapasua, Daktari Mapema akimshikia vyuma na kuuliza maswali kama mtoto. Utumbo walioukuta ulikuwa bado mzima. Wakaurudisha, wakashona.

Mgonjwa alipozinduka, aliukamata mkono wa mgeni. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Umetoka mbali kote huko kwa ajili yangu!"

Kijana akamwonyesha Fundi kwa kidole. "Ni yeye, mama."

"Naye asante, kwa kukusaidia."

Fundi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Muuguzi hakujua acheke au aone haya.

Daktari Mapema alimfuata muuguzi nje. "Leo umenizuia, na umefanya vizuri. Lakini wiki iliyopita nilifanya ngiri mbili peke yangu. Visu ulinipa wewe. Mbona hukuuliza?"

Muuguzi alitaka kusema wale wawili walirudi makwao wakitembea. Akaona hilo silo aliloulizwa. Alitaka kusema, mbona na wewe hukusema? Nalo akaliacha lipite.

"Sijui," alisema.

"Hata mimi sijui," kijana akajibu.

Wageni wakaondoka Ijumaa. Jumamosi muuguzi alikwenda sokoni, kwa muuza samaki, mmoja wa wale wawili. Akamwomba waingie nyuma ya banda, amtazame kovu. Lilikuwa limefunga vizuri, jembamba kama uzi.

"Kwani kuna tatizo, dada?" mwanamume aliuliza, shati bado ameliinua.

"Hapana. Nilikuwa napita tu."

"Basi nisalimie yule daktari. Mwambie nimepona."

Akaitikia kwa kichwa, akasimama pale pale, wateja wakimpita huku na huku.