Jina la Kalamu

Daktari Lambrini aliinua kalamu mbele ya uso wangu. "Mama Evanthia, hiki ni nini?"

Niliijua. Nilijua inavyoandika, inavyovuja, inavyopotea mkobani. Jina lake ndilo lililogoma kutoka.

"Usinisaidie!" nikamfokea mume wangu, Pandelis, aliyekwisha fungua kinywa.

Wiki iliyotangulia walikuwa wamenirudishia seli zangu za kinga, zilizofunzwa maabara kuiwinda saratani ya damu. Dawa nyingine zote zilikuwa zimeshindwa. Lakini seli hizo zikichachamaa, huweza kuuvuruga ubongo. Kabla ya zamu yangu nilimwona jirani yangu wa wodini, mwalimu wa muziki: Jumapili alikuwa akinitania, Jumanne hakumtambua bintiye.

Ndiyo maana Lambrini aliponieleza utafiti wao, sindano za kuzuia madhara hayo kabla hayajaanza, nilimsikiliza. Pandelis alikuja juu.

"Na zikizilegeza hizo seli? Mimi nataka upone tu. Hata ukiwa bubu nitakutunza."

"Bubu?" Miaka yote nimeuza zeituni sokoni Thesaloniki, nikiwazidi wanaume kwa sauti. "Wewe unataka mke au chungu cha maua? Daktari, lete sindano."

"Siahidi kitu, mama. Bado tunajifunza."

"Basi jifunzeni kwangu."

Na sasa kalamu ilikuwa hewani, ulimi umekufa ganzi. Lambrini hakungoja. Aliagiza dawa ya kutuliza uvimbe wa ubongo papo hapo, na muuguzi akawa hanipi nafasi: jina lako? Mji gani huu? Hesabu kurudi nyuma! Nilijibu yote, hata niliyokosea, kwa sauti ya kuamsha wodi nzima. Niliogopa kwamba nikinyamaza mara moja, sitarudi.

Asubuhi nilisema "kalamu" kabla Lambrini hajaitoa mfukoni.

"Ni zile sindano?" nikamuuliza.

"Labda. Huenda bila hizo ungezama zaidi. Siwezi kuapa."

Baadaye vipimo havikuiona tena saratani, na hilo ndilo watu huniuliza. Mimi hukumbuka zaidi asubuhi ile, Pandelis alipoingia na kulifunga dirisha bila kuuliza. Nikamvaa. Nani kamwambia nasikia baridi? Ananizika mzima? Na shati gani hilo, kalala nalo? Maneno yalitoka yakisukumana, hakuna lililokwama.

Alisimama mkono kwenye komeo, macho yamemlowa, kisha akalifungua dirisha, akalifunga tena, ili nisimalize upesi kumfokea.