Debe la Kanga

Shemeji yangu ni mtu wa haraka. Hata chai huinywa kabla haijapoa, kisha hulilaumu birika. Alasiri ile alipopokea kikombe, niliona vidole vyake vina rangi ya waridi.

"Shemeji, umepanda nini kule chini?"

Akaniambia bila wasiwasi kwamba mchanganyiko wangu haukutosha. Ule wa mtama, kunde, alizeti na mbaazi, tunaowapandia wanyama wa porini ukingoni mwa shamba: mtama wapate kula, mbaazi wapate kujificha. Basi akajazia mtama wa mbegu wa dukani uliobaki stoo. Na kwa kuwa jua lilikuwa kali, hakuufukia. Kaumwaga juu juu, mvua itamalizia.

Mtama huo wa mbegu umepakwa dawa ya wadudu, ndiyo rangi ile ya waridi. Ndege akiumeza, ndiyo basi.

Nilitaka kumtukana, lakini hasira hasara. Kanga wa porini hushuka kula jua likilegea, na lilikuwa limeshalegea. Kundi lile lilitoweka mwaka wa ukame. Nimelirudisha kwa subira, msimu baada ya msimu, mpaka likanizoea. Tukakata matawi ya miiba, tukayafunga kamba, tukaanza kuyaburuta ili mbegu zifukike. Katikati ya kazi shemeji akaomba nisimwambie kaka yake, mume wangu. "Unajua tena, penye kuku wengi..." Nikamtazama. Methali hakuimaliza.

Sehemu ya mwisho ilikuwa bado wazi tulipowasikia kanga vichakani. Shemeji akaliona debe langu chini ya mti, akalinyakua na kuligonga kwa nguvu zote ili awafukuze.

Debe lile ndilo ninalogonga kila ninapowamwagia punje, na shemeji, anayekuja siku za kupanda tu, angejuaje? Kanga wakatoka mbio, shingo mbele, makinda nyuma, moja kwa moja kwenye ile rangi ya waridi.

"Weka chini," nilimwambia. "Unawaita."

Nikawarushia mabonge ya udongo. Walisimama wakanitazama, wakadhani ni chakula. Wa mbele akainama. Nilimnyang'anya shemeji debe, nikalivurumisha katikati yao, nikalifuata nikipiga mayowe kama mwendawazimu. Lilimpata mmoja bawani. Ndipo waliporuka wote, na kelele zao zikapotelea ng'ambo ya bonde.

Tulimaliza kufukia giza likiingia, mikono imechanika.

Mvua ikaja, shamba likaota. Sasa mbaazi zimefika kifuani na mtama umeinamisha vichwa. Chakula kipo, maficho yapo. Shemeji hupita kuniuliza kama wamerudi, na siku hizi chai yake inapoa mkononi.

Kila jioni nasimama pale na debe langu lililobonyea. Nagonga. Nawasikia wakiitikia ng'ambo ya bonde, wako hai, nashukuru. Hawaji.