Nimeiona au Nimeziona

Mkwe wangu alikuwa rubani wa ndege ndogo, zile za kubeba abiria wachache na mizigo ya haraka. Alipogongana angani na ndege nyingine ndogo karibu na kiwanja, hakupona mtu katika ndege zote mbili. Binti yangu akawa mjane kama mimi. Ila mimi wa kwangu nilimzika kwa amani, yeye alimzika wa kwake huku watu wakisema ameua wenzake.

Walisema hivyo kwa sababu ya neno moja. Marubani wa ndege kubwa huongea na mnara wa kuongozea ndege kwa Kiingereza, lakini hawa wa ndege ndogo wameshazoeana na mnara, wanaongea Kiswahili tu. Siku ile mwongoza ndege alimwambia mkwe wangu kwenye redio kwamba mbele yake kuna ndege mbili zinakwenda kutua. Akamuuliza, "Umeziona?" Mkwe wangu akajibu, na jibu lake likaandikwa kwenye karatasi za uchunguzi kuwa ni "Nimeziona."

Basi, yakaisha. Kama aliziona zote mbili, ilikuwaje akaishukia moja? Majirani wakamalizia wenyewe: alikuwa na haraka, alikuwa na maringo ya urubani. Pale bombani mwanamke mmoja alimwambia binti yangu usoni, "Si aliziona? Sasa unamlilia nani?" Binti yangu akaacha ndoo pale pale na maji yake.

Tukaitwa ofisi ya uchunguzi. Mchambuzi wa sauti za redio alikuwa mama mnene, mpole, miwani imening'inia kifuani. Wenzake walimwita Mama Masikio, naye aliitika bila kununa. Chumba chake kilikuwa na zulia mpaka ukutani, na feni alikuwa ameizima isije ikamchafulia sauti. Tulikuwa tunachuruzika jasho sote watatu.

"Poleni sana," alisema. "Nawaambia ukweli mapema. Neno lenyewe limefunikwa. Kuna rubani mwingine alikuwa ameegesha chini, akabonyeza redio kuomba kuwasha injini wakati uleule marehemu anajibu. Wawili wakiongea kwa pamoja kwenye redio, kinachosikika ni mluzi. Sikilizeni."

Akabonyeza. Tukasikia "Nime," kisha mluzi mkali kama wa sufuria ya presha, kisha "ona." Binti yangu akaung'ang'ania ukingo wa meza.

"Nimeiona!" akapiga kelele. "Amesema nimeiona! Moja!"

"Umesikia, dada yangu, au umetaka kusikia?" Hakumuuliza kwa ukali. "Mimi siku ya kwanza nilisikia nimeziona, wazi kabisa. Kumbe nilikuwa nimeshazisoma zile karatasi. Nilijikasirikia mwenyewe, nikaanza upya."

Nikamuuliza, "Na mwisho wa yote ukikuta ni nimeziona?"

"Nitaandika nimeziona, mama. Nitawaita nyinyi kwanza mlisikie kwangu, lakini nitaandika."

Nilimpenda hapo hapo. Nimeshakutana na watu wengi wa maofisini wanaokupa neno tamu ili uondoke haraka. Huyu alitupa kiti na maji ya kunywa, akakataa kutupa neno ambalo hana.

Akaomba voisi za marehemu kwenye simu ya binti yangu, apate kujua mdomo wake ulivyozoea kutamka. Binti yangu akatafuta. Ya kwanza ikasema: "Funguo nimeziona, ziko juu ya friji, acha kunisingizia!" Tukacheka. Nyingine ikasema: "Meseji yako nimeiona, mke wangu, nilikuwa kwenye kelele."

Mama Masikio alifumba macho akazirudia, tena na tena, kama mtu aliye kwenye sala. Sikuthubutu hata kukohoa.

"Kwenye nimeziona anaing'ata ile zi, inavuma kama nyuki," alisema. "Kwenye nimeiona maneno yanateleza, hayana mfupa. Lakini hii bado si jibu. Simu si redio. Niachieni kazi."

Aliitunza kazi ile kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Tuliporudi alitukalisha, akatueleza taratibu hata mimi nikaelewa. Siku ileile ya ajali, kwenye redio ileile, mkwe wangu alikuwa amesema mapema, "Taa zimewaka." Mama Masikio akaichukua ile zi, akaimwagia mluzi uleule juu yake mpaka haisikiki, kisha akausafisha mluzi kwa kompyuta. Zi ikabaki. Akatusikilizisha: ndogo, imechoka, lakini ipo, kama chembe ya mchanga kwenye ulimi. Kisha akasafisha lile jibu kwa njia ileile.

Laini. Hamna mchanga.

"Nimewapa wenzangu wa ofisi nyingine, bila kuwaambia kisa," alisema. "Kila mmoja alisikiliza peke yake. Wote wamesema ni i. Dada yangu, mume wako alisema nimeiona. Aliona moja, akasema moja. Ya pili ilikuwa chini ya tumbo la ndege yake, mahali rubani hapaoni."

Binti yangu akalaza kichwa mezani akalia. Mimi nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikamwombea na yule mama masikio yake yasizeeke.

Binti yangu alipoinua uso ulikuwa umebadilika. "Basi yule wa mnarani ndiye kamuua. Mwandike!"

"Hapana. Yeye ameuliza umeziona, kwa hiyo sikio lake lilishakaa linangojea zi. Mluzi ukaja, akasikia alichokuwa anakingojea, kama mimi siku ya kwanza. Alitakiwa kuuliza tena, hilo nitaliandika. Na mluzi ulivyomdanganya, nitauandika pia. Kwenye kazi hii mimi sina shemeji wala wifi."

Binti yangu akanuna. Mimi nilizidi kumheshimu yule mama.

Siku ya kusomwa ripoti tulikaa mbele ukumbini. Mwongoza ndege alikaa kwenye benchi la upande wa pili, kijana mwembamba, nafasi kila upande wake tupu. Hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Mwenyekiti wa tume ya uchunguzi alisoma kwa sauti ya kuchoka, akifuata mistari kwa kidole, mpaka akafika penyewe.

"Hivyo basi, tume imejiridhisha kwamba rubani alijibu kuwa ameziona..."

Ukumbi ukaguna. Mama Masikio akavua miwani. Binti yangu akaanza kuinuka, nami nikamshika kiwiko nimsaidie asimame.

Kabla hajafungua kinywa, mwongoza ndege alikuwa ameshasimama.

"Ameiona, mheshimiwa," alisema. "Moja. Mimi ndiye niliyesikia zi."

Mwenyekiti akaisogeza karatasi karibu na macho. "Ni kweli. Ameiona. Samahani."

"Naomba uisome tena, mheshimiwa. Yote."

Na hakukaa, mikono ameibana nyuma, mpaka mwenyekiti alipoirudia sentensi ile tangu mwanzo.