Karamu Nyekundu

Ijumaa moja saa kumi jioni Phanice alikuwa akipima dawa ya kupe katika duka lake la pembejeo mjini Kitale, na binti yake Lenah alikuwa amekaa juu ya gunia la mbolea akibishana na kishikwambi cha shule.

"Mwalimu ana kalamu nyekundu," kilisema kishikwambi, kwa sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kukosa usingizi.

"Mwarimu ana karamu nyekundu," alisema Lenah.

"Jaribu tena."

Lenah alijaribu. Alikuwa na miaka minane, na subira kumshinda mama yake. Aliendelea kujaribu mpaka mteja aliyekuja kununua chumvi ya ng'ombe akachoka kusikiliza.

"Mama Lenah, si uzime hicho kitu, bana. Kinamtesa mtoto."

"Nikizima kinaandika ati ametoroka."

Lenah alikuwa amelelewa Bungoma na nyanya yake, kukhu Fridah, wakati Phanice akisomea diploma ya kilimo na baadaye akihangaikia duka. Kwa kukhu Fridah, r na l ni mapacha: ukimwita mmoja akaja mwingine, humfukuzi. Kusoma mtoto alijua. Alisoma pakiti za mbegu na mabango ya mazishi, na Biblia ya kukhu aliisoma kwa sauti huku kukhu akichambua mboga. Lakini shule ya Kipsongo alikohamia ilikuwa imenunua programu ya kufundisha kusoma kutoka kampuni iitwayo Soma Juu, na programu hiyo ilikuwa na sikio moja. Siku ya kwanza ilimwuliza jina. Akasema Renah. Ikamjibu kwamba hakuna mwanafunzi huyo.

Tangu Januari alikuwa amekwama Ngazi ya Kwanza. Mtoto ambaye angekuwa hajavuka hapo shule ikifungwa Novemba angerudia Gredi ya Tatu.

Phanice alikwenda shuleni na viatu vya duka, matope na yote. Mwalimu mkuu, Jepchumba, hakubisha.

"Mtoto anasoma, mimi mwenyewe nimemsikia. Lakini si mimi natoa maksi. Ni mashine."

"Basi rekebisheni mashine."

"Imefungwa, Mama Lenah. Hata kuchungulia ndani haturuhusiwi. Tukiigusa, tunashtakiwa."

Mwalimu wa kompyuta, Kipngeno, mtu mrefu wa huko mlimani Elgon, alimfuata hadi getini. Alisema kuna programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ila hiyo ni huria.

"Huria ndiyo nini?"

Kipngeno alifikiri kidogo. "Mahindi ya pakiti unauza?"

"Ndiyo maisha yangu."

"Mkulima akiweka punje apande mwaka ujao?"

"Atavuna majani. Lazima arudi dukani."

"Sasa hiyo ndiyo Soma Juu. Na maharagwe ya nyumbani?"

"Hayo unaomba kwa jirani. Unapanda, ukivuna unamgawia mwingine."

"Basi hiyo ndiyo huria. Watu waliitengeneza wakaiacha wazi. Unaingia ndani, unaona ilivyoshonwa. Kibaya unatoa, kizuri unaongeza, halafu unampa jirani."

"Na kwa nini hamkuchukua hiyo?"

"Haikuja na fulana za bure," alisema Kipngeno.

Jumamosi waliiweka. Kipngeno aliifungua matumbo, akamwonyesha Phanice mistari ilivyopangwa, akamwambia aandike pale shida ya mtoto kwa maneno yake; yeye angeibadilisha iwe amri ya kompyuta. Kisha akatoka kufukuza mbuzi waliokuwa wakila maua ya shule. Phanice hakuzoea kungoja. Aliandika kama anavyomwachia maagizo msichana wa dukani: *Mtoto akisema, mwamini.* Akabonyeza kuhifadhi.

Kipngeno aliporudi alisoma, akajikuna shingo. "Hii si lugha ya kompyuta."

"Si umesema iko wazi? Itaelewa."

Ilielewa. Jumatatu Lenah alisoma wa kwanza: "Mwarimu ana karamu nyekundu." Programu ikasema, "Vizuri sana, Renah," na mezani kwa Mwalimu Jepchumba kukawa na karamu. Kulikuwa na kuku wa mchuzi wa nyanya, wali uliopikwa na karoti, maharagwe mekundu, matikiti na soda nyekundu, maana sentensi ilisema nyekundu. Jepchumba alisogeza vitabu visiingie mafuta. Mpishi wa shule alichungulia mlangoni akauliza nani ataosha hizo sahani. Watoto walikula safu kwa safu, wakanawa, wakafungua ukurasa wa pili. Waliosoma kalamu walipata kalamu, nyekundu, nazo ziliandika vizuri. Hawakulalamika, ila kila mtu sasa alitaka kukaa karibu na Lenah.

Ukurasa wa pili ulisema: *Mahali hapa ni pazuri.* Lenah akasoma mahari. Ng'ombe waliingia getini, wanono, wengine na ndama, wakalala kwenye uwanja wa mpira. Phanice alipigiwa simu, naye akampigia kukhu Fridah kule Bungoma, kwa kuwa mambo ya ng'ombe kukhu ndiye anayeyajua.

"Ni za nani?"

"Za Lenah, mama."

"Rudisha! Meno ya mtoto hayajamariza kuota, ati mahari? Nani huyo mjinga?"

"Hakuna mtu. Ni kitabu."

"Basi kiambie kitabu kingoje amarize chuo."

Ng'ombe waliambiwa. Waliinuka wakashika barabara ya kuelekea Moi's Bridge, wakitembea upande wa kushoto, wakipisha malori.

Hivyo ndivyo muhula ulivyokwenda. Lenah alinenepa mashavu. Alimaliza kitabu, akaanza kingine. Jioni alimsomea mama yake dukani, na Phanice, ambaye hasifu mtu ovyo, alimwambia, "Unasoma kama mtu mwenye haraka ya kwenda mahali. Endelea."

Novemba kampuni ilimtuma bwana Wabwile kufunga maksi. Alikuja na tai na Kiswahili kilichopigwa pasi. Phanice alifunga duka akaja pia. Ilikuwa saa ya chakula, Lenah amekwisha kusoma, na Wabwile akakaribishwa kama mgeni yeyote. Alikula. Aliongeza.

"Chakura kizuri," alisema, mdomo umejaa. Akameza. "Chakula."

Phanice alimtazama. "Bwana Wabwile, wewe ni wa wapi?"

"Nairobi."

"Kabla ya Nairobi."

Wabwile alinyonya mfupa mpaka ukaisha utamu. "Kanduyi, kule Bungoma."

"Basi mtoto unamsikia."

"Namsikia vizuri kabisa, dada. Umri wake mimi sikuwa nasoma hivyo." Alipangusa mikono, akashika karatasi za kampuni, akajipapasa mifuko. "Hebu nipeni karamu niandike."

Kila mtu ni mtoto wa mtu, na programu haikuwa imeambiwa zaidi ya hapo. Sinia la mbuzi wa kuchoma lilishuka juu ya karatasi. Wabwile alilisogeza pembeni. "Nimesema karamu," alisema, na mandazi yakaja, na chai ya maziwa. Watoto walimsaidia. Mwishowe Jepchumba alichomoa kalamu nyweleni mwake akampa.

Wabwile aliweka kishikwambi cha kampuni mbele ya Lenah, kwa sababu ndivyo kanuni ilivyotaka. Lenah alisoma bila kusita, kwa sauti nzuri, akafuta kidole chake kwenye sketi. Kishikwambi kikamwambia ajaribu tena. Wabwile akaandika: *Hajui kusoma.*

"Umesema mwenyewe anasoma," Phanice alisema.

"Nimesema, dada, na sikatai. Lakini mimi si mashine."

Kisha alisema mkataba hauruhusu programu mbili katika shule moja, na ile huria itolewe. Akaomba afungiwe mbuzi kidogo ampelekee mke wake. Mpishi alimfungia.

Kipngeno aliitoa jioni hiyohiyo, baada ya kumgawia nakala kila aliyekuwa na kitu cha kuiwekea. Phanice aliiweka kwenye kompyuta kuukuu ya dukani na Desemba akasafiri nayo Bungoma. Huko watoto wa majirani wote walisema kama Lenah, kwa hiyo Krismasi hiyo hakuna aliyewasha jiko. Kukhu Fridah alilalamika kwamba ugali wa kwenye kompyuta ni laini mno, kisha akavaa miwani naye akasoma: "Watoto wanakura." Sanduku la kura likaja, na karatasi zake. Walipiga. Kukhu alishinda, hakuna aliyekata rufaa, wakaendelea kula.

Januari Lenah alirudi Gredi ya Tatu. Phanice alimsindikiza mwenyewe. Wenzake wa mwaka jana walikuwa wakiingia chumba cha pili, cha Gredi ya Nne, wakimpungia mkono.

"Mama, mimi sijui kusoma?"

"Unajua."

"Na huyo bwana, hakujua kama najua?"

"Alijua."

"Sasa mbona narudi huku?"

Phanice hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto. Alimkaza kola ya shati. Lenah aliingia akakaa. Alikuwa amerefuka. Magoti yake yaligonga dawati kwa chini, akayageuza upande, akatoa kitabu.